Siku Mtaa Ulipozima Simu

Hibo alipokuwa mdogo alinipa jina, na jina lenyewe halikuwa la heshima. Aliunganisha vidole vyake kama mdomo wa kuku, akavifungua na kuvifunga, akavifungua na kuvifunga. Huyo ndiye mimi: Waithera, Mama Bilha, muuza mbolea na mbegu za viazi, mtaa wa msikitini, Kitale. Nilipomuuliza mama yake maana yake nini, alicheka mpaka akaegemea mlango.

"Anaona mdomo yako haipumziki," aliniambia.

Mtoto hakusikia hata radi, lakini kelele zangu alikuwa amezijua.

Homa ilimwacha Hibo kiziwi kabla hajajifunza kusema. Basi yeye na mama yake, Hawo, ambaye sote tunamwita Mama Zahid, wakajitungia lugha ya mikono humo humo dukani, katikati ya marobota ya vitambaa. "Mama" ilikuwa kushika kitambaa kisichoonekana chini ya kidevu na kuunyoosha mkono mpaka mwisho, vile Mama Zahid anavyowapimia wateja. Zahid, kaka yake, ilikuwa kuvuta sikio, kwa sababu masikio ya Zahid hufika kabla ya mwenyewe. Kitu kitamu, au mtu unayempenda, ilikuwa kupuliza vidole, kama unapuliza hindi la kuchoma lililotoka motoni sasa hivi. Kukataa ilikuwa kukung'uta mikono kama mtu aliyemaliza kutawadha. Sisi majirani tuliokota maneno mawili matatu, lakini wasemaji wa lugha hiyo duniani walikuwa wawili tu.

Kisha mama yake mdogo, Mulki, akamchukua Hibo akiwa msichana akaenda naye Uswidi, huko kwenye shule nzuri za viziwi. Hakuna aliyelaumu, hata mimi, na mimi kulaumu ni kazi yangu ya pili. Lakini Mama Zahid alibaki na lugha isiyokuwa na wa kuisemea. Simu ikipigwa kutoka Uswidi, anayeongea ni Mulki. "Hibo anakusalimu. Hibo ni mzima. Hibo amefaulu mtihani." Miaka ikaenda hivyo, mtoto akisemewa. Mara kwa mara nilipitia dukani nikamkuta Mama Zahid amekaa peke yake, mikono yake ikisogea kidogo kidogo juu ya magoti, na sikuwa na ujasiri wa kumuuliza anaongea na nani.

Mwaka wa elfu mbili na tisa ikaja habari. Kijana anaitwa Naim, naye kiziwi, amemposa Hibo. Nikahi ni Jumamosi. Baba yao alikuwa ameshafariki, kwa hiyo Zahid ndiye walii wa kumwozesha, na ilikuwa ampigie imamu wa huko simu kabla ya siku hiyo, atoe idhini kwa sauti yake. Mtaa ukafurahi, mimi nikaanza kufikiria pilau. Mama Zahid peke yake hakufurahi.

"Nani amemuuliza?" akasema.

"Hooyo, ameniandikia meseji," Zahid akamwambia mama yake kwa Kisomali chao, akimwonyesha simu. "Si hii hapa. Ati amekubali."

"Hiyo ni kidole. Kidole ya nani? Kidole yoyote inaweza kubonyeza." Akaisukuma simu pembeni. "Mimi sijui kusoma herufi, Zahid. Mikono ya mtoto wangu ndiyo najua kusoma. Bibi arusi anaulizwa mwenyewe, hata dini inasema. Mpaka nimuulize na anijibu, wewe usitoe neno kwa mtu."

Nilidhani anajitafutia sababu ya kulia. Halafu nikamwona anakunja kitambaa kilichokuwa kimeshakunjwa vizuri, anakikunjua na kukikunja tena. Mama yule alikuwa na hofu. Mtoto wake alikuwa mbali, hana sauti, na kila mtu alikuwa na haraka ya kusema kwa niaba yake.

Njia ilikuwa moja tu: picha. Zahid alikuwa amefungua vikompyuta vyake sehemu ya mbele ya duka la mama yake, na mwaka huo mtandao mpya ulikuwa umefika mjini. Mtandao wa kasi, ndivyo tangazo lilivyosema. Mnara wenyewe ulikuwa juu ya paa la ghorofa nyuma ya msikiti, karibu kiasi kwamba ungeweza kuurushia jiwe, na siku nyingine nilitamani. Ukisubiri ukurasa mmoja ufunguke ungeweza kumenya viazi, ukaviinjika, vikaiva.

Jumatatu tulijaribu. Zahid akachomeka modemu, akaifunga kwa kamba dirishani ipate hewa, akaita Uswidi. Picha ikaja vipande vipande kama kigae kilichovunjika, halafu ikawa mtu. Hibo! Mwanamke mzima, mtandio wa kijani, mkono mmoja umeinuliwa karibu na mdomo. Mama Zahid akapiga kelele ya furaha.

Na hapo hapo picha ikaganda. Mkono karibu na mdomo. Anapuliza vidole? Anakohoa? Analia? Tulikaa tukiukodolea macho ule mkono, na mama yake aliyeitunga ile lugha hakuweza kusema unamaanisha nini. Maneno yao yalikuwa mwendo, na mwendo ndio hatukupata. Baada ya muda mrefu picha iliruka, na mkono ukawa mahali pengine kabisa, nao umeganda.

Sasa, watu wa mtaa wetu wana moyo. Habari ilipotoka kwamba Mama Zahid hawezi kuongea na mtoto, walikuja wote kusaidia. Waendesha bodaboda walikuja, washonaji walikuja, mwenye kibanda cha simu ya jamii alikuja. Kila mmoja alimjua mtu anayejua kompyuta, na kila mmoja akampigia hapo hapo. "Niaje, hii network ya Kitale iko na shida gani?" "Ati azime awashe tena?" "Si ungoje, nakupatia mwenye duka." Mimi nilikuwa naye kaka yangu Kagwe, mwenye saiba, duka la kompyuta, kule Bungoma, na nilikuwa nimempigia sijui mara ngapi, nikipaza sauti ili waliokuwa barabarani nao wafaidike. Mume wangu Wachira, dalali wa mahindi, alikuwa mlangoni na simu mbili, moja kila sikio. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Picha haikusogea tena siku hiyo.

Jumatano nikampakia Mama Zahid na mwanawe kwenye pikapu yangu ya mbolea, nikawapeleka Bungoma. Nilijua nikifika kwa ndugu yangu mambo yatanyooka. Tulipita Kamukuywa, Mama Zahid amekaa katikati yetu, anafanyia mikono yake mazoezi kama mwanafunzi wa mtihani. "Naogopa nimesahau," aliniambia. Nikamwambia mama hasahau. Nilisema tu, sikujua.

Saiba ya Kagwe iko katikati ya mji, juu ya maduka, na chini yake ni kelele tupu. Picha ikaja, ikaganda. Kagwe akazima, akawasha, akaganda naye. Mwisho akavua miwani.

"Dada," akasema, "mnara ni kama barabara ya Chwele siku ya soko. Barabara iko sawa. Lakini kuna ng'ombe, kuna pikapu, kuna bodaboda, zote zinataka kupita saa hiyo hiyo. Na mtu akipiga simu, yeye ndiye anapewa njia kwanza. Picha inaambiwa ingoje kando."

"Basi tungoje soko iishe."

"Huku mjini soko haiishi, bana."

Tulirudi Kitale. Mama Zahid alikuwa ameiweka mikono yake chini ya buibui, na hakuitoa mpaka tulipofika.

Alhamisi adhuhuri ndipo nilipoona kitu nilichokuwa nikikitazama miaka yote bila kukiona. Zahid alikuwa amejaribu tena, picha imeganda kama kawaida, na adhana ikaanza. Akaniomba nilinde duka. Mama yake alikuwa chumba cha nyuma ametandika mswala. Wanaume wakaingia msikitini, na pale mlangoni kila mmoja akafanya alichofanya siku zote: akatoa simu, akaizima, akaingia. Yangu mimi ilikuwa imekufa betri, kwa sababu ya Kagwe. Nikakaa mbele ya kompyuta nikila njugu.

Picha ikapepesa. Halafu mkono wa Hibo ukashuka.

Haukuruka. Ulishuka, polepole, laini, kama mkono wa mtu aliye mbele yako. Hibo akageuza shingo. Akapangusa pua. Akanitazama, akashtuka, na vidole vyake vikaungana kama mdomo wa kuku, vikafunguka, vikafunga, vikafunguka!

Njugu zilinimwagika. Nilikimbilia chumba cha nyuma, lakini Mama Zahid alikuwa amesujudu, na hata mimi najua mtu aliye katika sala hakatizwi. Nikasimama pale mlangoni nikiruka ruka kama mwenye haja. Alipotoa salamu, wanaume nao walikuwa wanatoka msikitini, wanavaa viatu, wanawasha simu. Mlio juu ya mlio. Tulipofika mbele ya kompyuta Hibo alikuwa ameganda, mdomo wa kuku umebaki wazi.

Usilolijua ni kama usiku wa giza. Sisi wenyewe ndio tulikuwa ng'ombe barabarani.

Nilimngoja Sheikh Hashim nje ya msikiti, nikamweleza yote kwa pumzi moja. Yeye ni mtu mpole, na mimi si muumini wake, kwa hiyo nilijiandaa kuambiwa tutaangalia. Aliutazama ule mnara.

"Mama Bilha, bibi arusi huulizwa," akasema. "Basi kesho tutamuuliza. Simu za ndani ya msikiti niachie mimi."

"Na za nje?"

"Za nje ni za watu wako. Na wewe huna shida ya kusikika."

Nikaenda mtaa mzima. Nilipita kwa wauza viazi, kwa washonaji, kwa wakala wa pesa za simu, kwa vijana wa bodaboda ambao simu ndiyo inawapa wateja. Niliwaambia: kesho watu wakitoka Ijumaa, hakuna kuwasha, mpaka Mama Zahid amalize kuongea na mtoto wake. Nilitarajia kutukanwa. Wengine waliuliza kama kuzima kabisa ama kuweka kimya tu. Nikasema kuzima kabisa. Wakasema sawa. Wachira ndiye alinisumbua.

"Saa hiyo ndiyo malori ya mahindi yanapakia, Mama Bilha. Unataka nikose?"

"Ukikosa utapata kesho. Yeye akikosa kesho ni arusi."

Akajikuna ndevu, akaenda zake.

Ijumaa wanaume walitoka msikitini. Siku zote hapo ndipo mtaa hulia kama shamba lenye ndege. Siku hiyo walivaa viatu, wakasimama barabarani, na hakuna aliyetia mkono mfukoni. Vijana wa bodaboda walikuwa wamezima hata pikipiki, jambo ambalo hakuna aliyewaomba. Mwenye kibanda cha simu ya jamii alikuwa ameifunika simu yake kwa sweta. Na Wachira wangu, namwona, amekaa juu ya gunia, simu mfuko mmoja wa shati na betri mfuko wa pili, kana kwamba vikionana vitaanza kuongea.

Nimezaliwa katika mtaa huu. Sikuwa nimewahi kuusikia ukinyamaza. Nilisikia njiwa wakitembea juu ya mabati. Nilisikia maji yakidondoka kwenye mifereji ya kutawadhia. Na sikuwa najua bado kitakachotokea.

Ndani, Mama Zahid alikuwa amevaa mtandio wake wa Idi. Zahid akaita. Vipande vikaja, vikaungana, na Hibo akawa pale, amekaa kando ya dirisha lenye mwanga mweupe, na alipopumua tuliona mtandio wake ukipanda na kushuka. Nilitaka kupiga magoti. Mamilioni ya watu wanaongea angani, nikawaza, na kati yao imepatikana nafasi ya mtandio wa msichana kupanda na kushuka.

Hibo akashika kitambaa kisichoonekana chini ya kidevu, akanyoosha mkono. Mama. Akarudia. Mama, mama, mama. Naye mama akawa anajibu, na mikono ile niliyodhani imezeeka ikaruka kama ya msichana. Walisema mambo ambayo hata Zahid hakuyafuata. Hibo alilia akicheka. Mama Zahid alimkaripia kitu, nadhani ni wembamba.

Kisha akajipangusa uso, akakaa wima, akauliza. Alimnyooshea kidole binti yake. Akapuliza vidole, mara moja, akainua nyusi, akangoja.

Hibo akakung'uta mikono.

Zahid alinyanyuka. "Amekataa," akanong'ona. "Hooyo, amekataa." Nikaomba nisisikie simu hata moja huko nje. Kama picha ingeganda hapo, ndoa ingekufa hapo hapo, na tungeapa tumeona kwa macho yetu.

Mama Zahid aliinua mkono kutunyamazisha, macho hayatoki kwenye kioo. Picha ikaendelea kutiririka. Hibo alimwonyesha Mulki aliyekuwa kando yake, akakung'uta. Akavuta sikio, yaani Zahid, akakung'uta. Akazungusha mkono kwa watu wote wa dunia, akakung'uta. Kisha akajiwekea kiganja kifuani, akakibakisha hapo.

"Anasema hakuna mtu amemwambia," Mama Zahid akatutafsiria. "Si Mulki, si wewe, si yeyote. Ni yeye mwenyewe."

Hibo akageuka, akamvuta mtu kwa mkono wa shati. Akaingia kijana mwembamba mwenye miwani, amechanganyikiwa kwa haya. Hibo akamwonyesha, na akapuliza vidole, akapuliza tena, kama mtu aliyeshikishwa jiko zima.

Tungeweza kuishia hapo na ingetosha. Lakini yule Naim alisogea mbele, akainua mkono chini ya kidevu chake. Akashika kitambaa kisichoonekana. Akaunyoosha mkono mpaka mwisho, vizuri, bila kupunja, kama muuza nguo wa Kitale.

Mama.

Duka hili hajaliona. Kitale hajakanyaga. Lugha ile ilizaliwa hapa kati ya marobota haya, ikawa na watu wawili, na tukadhani itakufa nao. Msichana alikuwa ameibeba mpaka kwenye theluji, akamfundisha mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa ameona inafaa kujifunza. Nilimtazama Mama Zahid. Alikuwa amefunga mdomo wake kwa viganja vyote viwili, na machozi yalikuwa yanapita katikati ya vidole.

Naim akamuuliza Hibo kitu. Halafu akatugeukia, akaunganisha vidole kama mdomo wa kuku, akafungua na kufunga, akainua mabega. Yuko wapi huyo?

Zahid alinisukuma mbele ya kamera. Mtu nisiyemjua, ng'ambo ya dunia, aliniona na akacheka kwa furaha, kwa sababu alikuwa amesikia habari zangu. Nililia mbele yao wote wala sikuona aibu.

"Zahid," Mama Zahid akasema, akijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Washa simu. Mpigie imamu. Toa neno."

Zahid akawasha. Mtu mlangoni aliona, akapiga ukelele, na habari ikashuka barabarani kwa kasi ambayo mtandao haujawahi kuifikia. Wachira alikuwa anarudisha betri. Mtaa mzima ukalia kwa pamoja, pikipiki zikanguruma, na picha ikaganda: Hibo na vidole mdomoni, Naim kando yake, ameanza kuaga, kitambaa kisichoonekana kidevuni na mkono wake umenyooka.

Zahid, sikio kwenye simu, alinyoosha kidole aizime aanze upya. Mama yake alimpiga kofi mkononi.

"Wacha. Wacha hivyo hivyo."

Akainuka. Akavuta kutoka rafu ya juu robota la hariri ambalo nilikuwa sijawahi kuona akiliuza, akalikunjua mbele ya kompyuta. Akashika ncha chini ya kidevu, akanyoosha mkono, akihesabu kimya kimya kitambaa cha bibi arusi. Kidevu, mkono. Kidevu, mkono. Na kwenye kioo yule kijana alikuwa amesimama vile vile alivyosimama yeye. Nilifungua kinywa niseme kitu, nikakosa, nikakifunga.